MALEZI YA NYUMBANI: Mtoto Aliyebeba Hofu

Mwezi huu twaandika juu ya jambo ambalo watu watatu wa huku Runazi wametuuliza, kila mmoja kwa siku yake na kwa maneno yake. Wa kwanza, baba wa watoto watano, alisema, "Mwalimu, mwanangu ana kiburi; ukimgusa tu anarusha ngumi." Wa pili, mwalimu mwenzetu, alisema, "Yule mwanafunzi ni mzito wa kichwa. Ukimwita jina anakutazama kama jiwe." Wa tatu, bibi mmoja mjane, alisema, "Mjukuu wangu amerogwa, maana usiku hupiga kelele, na asubuhi hajui kama alipiga." Tuliwasikiliza wote watatu, tukaona huenda wanasema habari moja.

Lakini kabla ya kusema habari za watoto wa watu, imetupasa tuseme kosa letu wenyewe, kwa kuwa ndilo lililotufundisha.

Mwaka 2014 tulikuwa tukiwafundisha watoto katekisimu siku za Jumamosi, chini ya mwembe. Kati yao alikuwako mtoto wa kiume wa miaka saba hivi. Alikuwa mpole, lakini kila liliposikika lori barabarani aliinuka mbio, akakimbilia migombani, wala hakurudi mpaka wenziwe wamekwisha kwenda zao. Mara ya kwanza tulicheka. Mara ya pili tulimkemea. Mara ya tatu tulikata fimbo, tukamchapa mbele ya wenziwe, tukisema kwamba anayafanyia mchezo mafundisho. Yule mtoto hakulia. Alisimama akatutazama kama mtu atazamaye mbali, na kaptura yake ikalowa. Watoto wakacheka. Nasi tukaona haya, lakini hatukujua sababu ya haya yenyewe.

Jioni ile bibi yake akaja kwetu. Hakuja kugombana. Tulimwamkia, "Shikamoo, bibi," akaitikia, akaketi, akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mwalimu, lori ndilo lililomchukua mama yake."

Wasomaji wa Biharamulo na Ngara wanaukumbuka mwaka 2013. Serikali ilitoa amri kwamba wageni wakaao bila hati warudi kwao, na mwezi wa Septemba ikaanza kazi iliyoitwa Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Watu maelfu walivuka mpaka kurudi Rwanda na Burundi. Wengine walikuwa wamekaa huku miaka mingi, wameoa na kuolewa huku, wamezaa huku. Kwa hiyo ziko nyumba zilizogawanyika, mume upande huu, mke upande wa pili, na watoto wasijue waende wapi. Hatuandiki kuihukumu amri. Mipaka ni kazi ya wenye mamlaka. Twaandika juu ya mtoto wa miaka sita aliyemwona mama yake akipandishwa lori, huku akimwambia asilie. Tangu siku ile kila lori lilikuwa lori lile. Nasi tulimchapa kwa sababu alimpenda mama yake. Hiyo ndiyo habari yetu, wala hatuna njia ya kuipunguza.

Sasa tuseme juu ya ugonjwa wenyewe, ikiwa yafaa kuuita ugonjwa. Kiswahili chetu kina neno la zamani, kiwewe, nalo latosha. Mtoto akipatwa na jambo kubwa kupita nguvu zake, kama vile kuona mtu akiuawa, au kufiwa ghafula, au kuchezewa mwili wake na mtu mzima, au kupigwa kila siku na mtu ambaye angemkinga, jambo lile haliishi siku ile. Hukaa ndani ya mwili wake.

Waganga wa hospitali wameeleza namna yake. Ndani ya ubongo iko sehemu ndogo, ukubwa wake hauzidi sana harage, na kazi yake ni kama kazi ya mlinzi wa shamba alalaye kibandani usiku kufukuza nguruwe mwitu. Nguruwe akija, mlinzi hupiga debe na watu wote huamka. Ndivyo ubongo ufanyavyo kwa mtu aliye hatarini: moyo waenda mbio, pumzi yawa fupi, damu yakimbilia miguu na mikono, tumbo laacha kazi yake, na ile sehemu ya ubongo ifikiriyo na kukumbuka masomo yatulia kimya, maana si wakati wa kuhesabu sita mara saba. Hayo ni mema. Pasipo hayo mababu zetu wangaliliwa na simba. Lakini mlinzi aliyewahi kuvamiwa na kundi zima la nguruwe huweza kuharibika. Huanza kupiga debe kwa upepo, kwa jani, kwa panya. Harufu ya moshi, mlango uliofungwa kwa kishindo, sauti ya mlevi, vazi la askari, kimoja tu katika hivi chatosha, na mtoto amerudi palepale alipokuwa siku ile.

Basi mtu aliye hatarini hana njia nyingi. Atapigana, au atakimbia, au ataganda kama swala aliyeona chui karibu mno. Yule wa kwanza, mwenye kurusha ngumi, mlinzi wake humwambia apigane. Mtoto wetu wa chini ya mwembe alikimbia. Na yule mwanafunzi wa mwalimu mwenzetu, aliye kama jiwe, ameganda. Si kwamba hataki kujibu, bali wakati ule maneno hayampo. Tena wako wakojoao kitandani wakati walikuwa wameacha, wako walalamikao tumbo kila asubuhi na zahanati haioni kitu, wako wamshikao mama nguo asitoke hata kisimani. Na wako watoto watulivu mno, wasiosumbua mtu, ambao sisi waalimu huwasifu. Hao nao tuwaangalie.

Nchi yetu hii ina sababu nyingi za kujua mambo haya kuliko nchi nyingine. Sisi tulio na miaka arobaini na zaidi tulikuwa watoto mwaka 1994. Tarehe 28 na 29 Aprili mwaka ule, watu wapatao 250,000, kwa hesabu iliyotolewa wakati ule, walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara katika muda wa siku moja tu. Wakapiga kambi Benaco, mahali palipopata jina lake kwa kampuni ya wajenga barabara, pakawa ghafula mji mkubwa kuliko miji yote ya mkoa. Mto Kagera ulichukua maiti mpaka ziwani, na watu wa Kasensero katika Uganda ndio waliowaopoa na kuwazika watu wasiowajua. Kati ya waliovuka walikuwamo watoto wengi waliopotezana na wazazi njiani, au waliobaki peke yao. Wengine hawakuweza kusema hata jina la kijiji chao, kwa udogo au kwa kiwewe. Mwaka 1995 huko Rwanda waliulizwa watoto 3,030 juu ya yale waliyoyaona; karibu tisa katika kila kumi walisema kwamba waliamini watakufa. Mwezi wa Desemba 1996 karibu watu nusu milioni walirudishwa kwao kupitia daraja lilelile. Kambi zikafungwa, miti ikaanza kuota tena. Lakini wale watoto leo ni baba na mama, baadhi yao ni jirani zetu, nao wanalea.

Tena tusidhani kwamba wenyeji walikuwa watazamaji tu. Katika miaka iliyofuata watu wa wilaya zetu walijua habari za majambazi wenye bunduki barabarani, hata magari ya abiria yakawa yakisindikizwa na askari katika misitu. Watoto waliokuwa ndani ya magari yale waliona mambo. Na tarehe 10 Septemba 2016 ardhi ilipotetemeka katika mkoa wetu wa Kagera, wako watoto wa upande wa Bukoba waliokataa kulala ndani ya nyumba kwa majuma mengi, wakisema nyumba zina hasira.

Hata hivyo si vita wala matetemeko yanayojeruhi watoto wengi zaidi. Twawasihi wasomaji wasigeuze ukurasa hapa. Mwaka 2009 ulifanywa uchunguzi wa nchi nzima ya Tanzania, wakaulizwa vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana watatu katika kila kumi, na mvulana mmoja katika kila saba, walisema kwamba kabla ya kutimiza miaka 18 walikuwa wametendewa jambo la uzinzi kwa nguvu au kwa hila. Na karibu robo tatu yao, wake kwa waume, walikuwa wamepigwa ngumi, mateke au mijeledi. Waliowatendea si wageni wa mbali, mara nyingi ni watu waliowajua. Sisi tuliposoma hesabu hizi tulihesabu vichwa vya watoto wetu wa Jumamosi, tukashindwa kuendelea na kazi siku ile.

Liko jambo jema la mkoa wetu ambalo twapenda lijulikane. Kagera ndiko walikoonekana wagonjwa wa kwanza wa ukimwi katika Tanzania, mwaka 1983, na baada ya miaka michache nyumba nyingi zilibaki na bibi na wajukuu tu. Watu walileta shuka, sare na unga, navyo vilihitajiwa sana. Lakini huko Nshamba, wilaya ya Muleba, ikaanzishwa kazi iitwayo Humuliza, ambalo kwa Kihaya ni neno la kufariji. Wao waliona kwamba yatima ana njaa nyingine ambayo haishibi kwa unga. Wakawafundisha waalimu wa shule za msingi kumtambua mtoto aliyefiwa na kumsikiliza. Tena vijana yatima wenyewe wakaunda chama chao, Vijana Simama Imara, wakatembeleana na kusaidiana. Jambo moja tulilojifunza katika habari zao ni hili, kwamba desturi yetu ya kumficha mtoto mauti haimkingi. Twamwambia, "Mama amesafiri," naye hukaa njiani kumngoja. Akichoka kungoja hudhani mama amemkataa, au kwamba yeye ndiye aliyemfukuza kwa utundu wake. Mtoto asiyeambiwa kweli huijaza nafasi ile kwa mambo mabaya kuliko kweli yenyewe.

Yule bibi wa jioni ile alikuwa amefanya hivyo hivyo. Alimwambia mjukuu kwamba mama amekwenda mnadani. Mnada wa miezi mingi! Hatumlaumu, kila mmoja wetu angesema hivyo kwa kumwonea mtoto huruma.

Basi tulifanya nini? Kwanza, Jumamosi iliyofuata tulimwomba yule mtoto radhi mbele ya wenziwe, maana tulimchapa mbele yao. Mzee mmoja wa kanisa alichukizwa, akasema, "Mwalimu akimwomba mtoto radhi, kesho nani atamheshimu?" Hatukubishana naye. Watoto hawakutudharau, jambo lililotokea ni kwamba wawili wengine walikuja baadaye, mmoja mmoja, kutuambia mambo ya nyumbani kwao ambayo hatutayaandika hapa.

Kisha tulimbadilisha mahali pa kukaa. Zamani alikaa akiipa barabara mgongo. Tukamkalisha aitazame, apate kuona lori kabla ya kusikia kishindo. Lori likitokea tulisema kwa sauti ya kawaida, "Hilo limebeba mihogo," au, "Hilo lina mchanga," kisha tukaendelea na somo. Mara za kwanza aliinuka, akasimama, akaketi. Tulimfundisha kupuliza pumzi polepole kama mtu apulizaye uji wa moto, maana pumzi ndefu itokayo humwambia yule mlinzi wa kibandani kwamba nguruwe hayupo. Watoto wote tuliwafundisha hivyo, ili asiwe yeye peke yake. Tena tukampa kazi ya kugonga kengele. Mtoto ambaye dunia ilimfanyia jambo bila kumwuliza, yafaa apewe jambo dogo la kuliamuru yeye.

Bibi naye akafanya sehemu yake, nayo ilikuwa kubwa kuliko yetu. Alimweleza kweli. Akaweka chakula cha jioni saa ileile kila siku, na akitoka kwenda shamba humwambia anakwenda wapi na atarudi jua likiwa wapi, naye hurudi. Jirani mwenye simu akampigia mama upande wa pili wa mpaka. Mara tatu mtoto alishika simu asiseme neno, akasikiliza tu. Mara ya nne akauliza kama kule kuna maembe.

Hatukumlazimisha kusimulia. Hapa wengi wetu hukosea kwa nia njema, twamketisha mtoto tukamwambia, "Sema yote, yatoke." Wataalamu wamekwisha kuona kwamba kumshurutisha mtu kurudia habari ile kwaweza kumwumiza mara ya pili. Mlango uwe wazi, lakini mtoto mwenyewe ndiye aingiaye. Yeye alisema kwa mchezo. Alifanyiza malori ya udongo na vijiti, akapakia majani, akayashusha, akapakia tena, siku nyingi. Bibi alitaka kuyavunja, akaona ni kama mkosi. Tulimwomba ayaache. Baada ya muda lori likawa likiondoka na kurudi.

Wako watakaosema, "Samaki mkunje angali mbichi, mkitunyang'anya fimbo, watoto wataharibika." Kukunja si kuvunja. Sheria yenyewe ya shule humruhusu mwalimu mkuu au yule aliyepewa naye ruhusa tu, wala viboko visizidi vinne. Kila msomaji ajua mwenyewe jinsi inavyoshikwa. Mwezi wa Agosti 2018, Bukoba, mtoto wa darasa la tano alikufa baada ya kupigwa shuleni. Twamwuliza anayeitetea fimbo: yule mtoto ambaye mlinzi wake amekwisha kupiga debe, aliyeganda, asiyesikia neno, fimbo itamfundisha nini ila kwamba nguruwe wako kila mahali? Adabu aipate. Lakini kwanza atulie, kisha asikie, ndipo afundishwe. Ukiugeuza mpango huu unajichosha bure.

Pengine mwalimu wa kijijini atasema kwamba kazi hii ni ya madaktari, nao wako mbali. Huko Moshi na Bungoma ya Kenya wataalamu waliwafundisha watu wasio madaktari kuwakutanisha watoto waliofiwa, mikutano 12, kuwafundisha kutuliza mwili na kuzungumza juu ya marehemu. Watoto 640 waliingia katika uchunguzi ule, na habari zake zilitolewa mwaka 2020. Mahali pengi waliofundishwa walipata nafuu zaidi. Na upande wa Tanzania, mwaka mmoja baadaye, wale wasioingia katika mikutano nao walikuwa wamepata nafuu karibu sawa na wenzao. Sisi hatukuvunjika moyo kwa hilo. Twaona kwamba watoto wengi hupona polepole wakiwa na mtu mmoja imara asiyebadilika.

Lakini yako mambo ambayo nyumba haiyawezi peke yake. Mtoto akisema anataka kufa, au akijiumiza, au akiacha kula, au mwezi ukipita na hali yazidi badala ya kupungua, apelekwe hospitali, na ofisa ustawi wa jamii aambiwe. Na mtoto aliyenajisiwa apelekwe hospitali siku ileile, kabla ya kuogeshwa, na nguo zake zichukuliwe. Kabla ya saa 72 kupita aweza kupewa dawa za kuzuia ukimwi. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na simu 116 hupigwa bure. Wala asitokee mzee kusema tuyamalize nyumbani kwa mbuzi na fedha. Tumeona mambo ya namna hiyo. Wazee hula mbuzi, na mtoto huendelea kuishi nyua mbili kutoka kwa yule mtu, akimwamkia kila asubuhi.

Yule mtoto wetu sasa ni kijana. Amekwisha kuvuka mpaka kwa hati halali kumwona mama yake, akakaa majuma mawili, akarudi kwa bibi kwa sababu ya mihogo. Hajapona kabisa, ukimkaribisha nyumbani huchagua kiti kitazamacho barabara, nasi humwachia kile.

Na yule mjane aliyedhani mjukuu wake amerogwa, tulikwenda kwake Jumapili iliyopita baada ya ibada. Tulipouliza kelele zilianza lini, alifikiri sana, kisha akasema, "Tangu mvua ile kubwa." Usiku wa mvua ile ukuta wa jikoni ulianguka, na mtoto ndiye aliyekuwa amelala karibu nao. Hakuumia, kwa hiyo hakuna aliyemwuliza neno. Mganga alikuwa amekwisha kutaka kuku wawili. Tumekubaliana kwamba kuku wakae kwanza, na mtoto ahamie chumba cha bibi mpaka masika yapite, kitanda chake kiwe karibu na mlango, taa ndogo ikiwaka.

Tutakwenda tena wiki ijayo.